Mama Alipoacha Kutafuna



Sisi ni ndugu wanne, watoto wa mama mmoja, wenyeji wa Tanga. Tumekaa pamoja tukakubaliana kuyaandika haya, na mama yetu mwenyewe ameturidhia, kwa sharti moja: tusimpambe wala tusijipambe. Basi tutaeleza mambo kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo tungependa yasijulikane, kwa matumaini kwamba nyumba nyingine ikisoma habari hii itakuwa na macho kuliko tulivyokuwa sisi.

Mama alikuwa ametimiza miaka 72. Baba yetu alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mama akawa anaishi kwa kaka yetu mkubwa, pamoja na mkewe na wajukuu. Alikuwa mtu wa afya. Kila alfajiri aliamka kabla ya adhana, akisoma Msahafu wake kwa miwani ya zamani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo, tulikuja kulijua baadaye, lilikuwa sehemu ya msiba wetu.

Mambo yalianza katika mwezi wa Shaaban. Mama alisema anaumwa kichwa upande wa kushoto, kwenye panja, na kwamba mabega yanamkaza asubuhi hata kuinua mikono kujifunga ushungi ni kazi. Jioni alikuwa na kahoma kadogo. Tulifanya kama wafanyavyo watu wote wa kwetu: tulimpeleka kupimwa malaria. Haikuonekana. Tukanunua dawa za kutuliza maumivu, tukamwambia ni uzee na baridi ya kusini, naye akaitikia, “Haya wanangu.”

Ramadhani ikaingia. Wasomaji wa pwani wanajua mezani kwetu panavyokuwa wakati wa magharibi: tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, sambusa, kaimati, na siku za neema nyama ya kukausha au pweza. Mke wa kaka yetu ni fundi wa mapishi, na mwaka ule alijitahidi kupita kiasi kwa ajili ya mama mkwe wake. Lakini kuanzia siku za mwanzo tuliona mama akifungua kwa tende na maji, akinywa uji, akimega muhogo vipande viwili vitatu, kisha anasukuma sahani. Nyama aliitia mdomoni, akatafuna kidogo, akatulia, mkono shavuni. Baadaye akaacha kabisa kuigusa.

Hapa ndipo penye aibu yetu. Hatukumuuliza mama. Tuliulizana sisi kwa sisi. Dada yetu, aliyekuja kufuturu mara moja kila wiki, alisema mama hakipendi chakula cha mkwewe. Mdogo wetu wa mwisho akasema mama anamkumbuka baba, ndiyo maana hali. Maneno yale yalimfikia mke wa kaka, kama maneno yanavyofika. Alilia jikoni. Alimwambia mumewe kwamba amepika kwa mikono yake miwili na funga yake kinywani, na malipo yake ni kusengenywa. Kaka akaja juu kwa dada. Kwa siku kadhaa hawakusemezana, na haya ni katika mwezi ambao mtu huchunga hata jicho lake. Mama aliiona hali ile, akadhani ni yeye aliyeleta fitina. Akawa anajilazimisha kutafuna ili amani irudi, na kila tonge lilikuwa adhabu.

Sura ya Hujurati inatukataza dhana, na tuliijua tangu chuoni. Hata hivyo tulimdhania mama, tukadhaniana sisi, na wakati wote huo jibu lilikuwa ndani ya shavu lake.

Hatimaye mama alimwambia mjukuu wake, binti wa miaka 12, kwamba taya linamuuma anapotafuna. Binti akatuambia. Tukafurahi, Mungu atusamehe, kwa kuwa tulipata sababu nyepesi: meno. Tukampeleka kwa mganga wa meno. Kulikuwa na jino moja la nyuma lililooza kweli, likang'olewa. Hatumlaumu mtu, kwani jino lilikuwa bovu na sisi ndio tuliomwambia kwamba tatizo ni jino. Kidonda kikapona baada ya wiki, maumivu ya kutafuna yakabaki vilevile.

Kuna mambo mengine ambayo mama hakuyasema mpaka yote yalipokwisha. Kuchana nywele kulikuwa kunamuuma, ngozi ya kichwa ikiwa kama jeraha. Alikuwa akilegeza ushungi wake anapokuwa peke yake chumbani, kwa sababu kitambaa kikigusa panja kilimchoma. Na mnamo siku ya ishirini na mbili ya mfungo, alipokuwa akisoma juzuu yake baada ya alasiri, kitu kama pazia jeusi kilishuka juu ya jicho la kushoto. Kilikaa dakika chache, kikaondoka. Alifuta miwani, akaendelea kusoma. Alikuwa amenuia kukhitimisha kabla ya Idi, akaogopa kwamba akisema atakatazwa kusoma.

Alfajiri ya siku ya ishirini na tano mama aliamka kwa ajili ya daku, akauliza kwa nini taa haijawashwa. Taa ilikuwa inawaka. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika.

Tulimfikisha hospitali kabla ya jua kuchomoza vizuri. Zamu ilikuwa ya daktari kijana, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wa mama. Hakuanza na jicho. Alivuta kiti, akamwamkia, kisha akauliza: “Bibi, umekuwa ukiumwa kichwa?” Mama akasema ndiyo. “Ukitafuna, maumivu ya taya huanza palepale unapong'ata, au huja baada ya kutafuna kwa muda?” Mama akafikiri, akasema: “Huja baadaye. Nikipumzika huondoka. Nikianza tena, hurudi.” Daktari akaweka vidole viwili kwenye panja la kushoto, akakaa kimya. Kisha akamwomba kaka yetu naye aguse. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu kama kamba ya mkonge, chenye mafundofundo, wala hakikupiga. Upande wa kulia mshipa ulikuwa laini na mpigo wake ukisikika.

Siku ile tulifundishwa jambo ambalo sasa tunaona kila mtu mzima anafaa kulijua, nalo ni jinsi taya linavyolishwa.

Kutafuna ni kazi ya misuli minne kila upande wa uso. Mmoja uko shavuni, kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya; ukiuma meno kwa nguvu utauhisi ukituna chini ya kiganja. Wataalamu huuita maseta. Wa pili umetanda kama upepo wa mkono kwenye panja, nao ni temporalisi. Weka vidole panjani huku unatafuna utausikia ukicheza. Miwili iliyobaki, ya terigoidi, imejificha ndani, nyuma ya taya, nayo husaidia kulipeleka taya mbele na pembeni, ili meno yasage badala ya kukata tu.

Misuli hii, kama mfanyakazi yeyote, haifanyi kazi bila riziki, na riziki yake ni damu. Damu itokayo moyoni hupanda shingoni kwa ateri mbili kubwa ziitwazo karotidi, moja kila upande. Karibu na usawa wa koromeo, kila karotidi hugawanyika mara mbili. Tawi la ndani huingia kichwani kuulisha ubongo, na kutoka kwake hutoka kijitawi kinachokwenda kwenye jicho. Tawi la nje hupanda kupitia mbele ya sikio, na nyuma ya shingo ya mfupa wa taya hugawanyika tena. Tawi moja, ateri ya maksila, huzama ndani nyuma ya taya, na humo hutoa vijitawi vya kulisha misuli yote minne ya kutafunia, pamoja na meno ya chini na ya juu. Tawi la pili ni ateri ya panja, inayopanda juujuu chini ya ngozi mbele ya sikio mpaka kichwani. Hii ndiyo ambayo mtu anaweza kuigusa akahisi mpigo wake, nayo pia huchangia kulisha misuli ya panja na ya shavu.

Mtu akiwa amekaa kimya, misuli ya taya huhitaji damu kidogo. Akianza kutafuna mnofu mgumu, mahitaji hupanda, na ateri zenye afya hupanuka kuyatosheleza. Lakini ateri zikiwa zimevimba kuta zake na njia ikawa nyembamba, damu haitoshi. Kwa dakika ya kwanza misuli huvumilia, kisha hulia. Mtu akiacha kutafuna, deni hulipwa na maumivu hupoa. Ndiyo sababu ya swali la yule daktari. Jino bovu huuma linapobonyezwa, au kwa baridi na moto, au huamka lenyewe usiku. Maumivu yanayokuja baada ya kazi na kuondoka kwa mapumziko ni lugha ya msuli uliokosa damu. Mama alikuwa akiisema lugha hiyo kwa wiki tatu mezani petu: uji ulipita kwa sababu hautafunwi, muhogo laini ulipita kidogo, na pweza hakupita kabisa. Kila sahani aliyoisukuma ilikuwa jibu sahihi kwa swali ambalo hatukuliuliza.

Ugonjwa wenyewe huitwa ateritisi ya seli kubwa. Kinga ya mwili, ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka kutulinda, hugeuka ikashambulia kuta za ateri, hasa zile za kichwani. Chini ya hadubini huonekana chembe kubwa zilizoungana, na hapo ndipo lilipotoka jina. Humpata mtu aliyevuka miaka 50, na zaidi sana aliyevuka 70. Wanawake hupatwa kuliko wanaume. Huonekana mno kwa watu wa Ulaya ya Kaskazini, na kwa Waafrika ni nadra, hivyo si ajabu kwamba hausemwi katika vibaraza vyetu. Lakini nadra si sawa na haupo. Maumivu mapya ya kichwa, ngozi ya kichwa kuuma ikiguswa, taya kuchoka kwa kutafuna, kukaza kwa mabega na nyonga asubuhi, homa ndogo, kupungua uzito: mama alikuwa na yote haya, yametawanyika kwa watu sita wa nyumba, kila mmoja akijua moja na hakuna aliyejua yote.

Hatari yake kubwa ni macho. Ateri ndogo zinazolisha mshipa wa fahamu wa jicho zikiziba, jicho huzimika bila maumivu, mara nyingi ghafla, na likishazimika ni nadra kurudi. Kisha jicho la pili laweza kufuata katika siku chache au wiki chache iwapo mgonjwa hatatibiwa. Daktari alituambia hivyo waziwazi, nje ya chumba, naye mikono yake ilikuwa ikitetemeka. “La kushoto sitawaahidi,” alisema. “Tunapigania la kulia, na tunapigania leo.”

Kulikuwa na kipimo cha damu kiitwacho ESR, ambacho hakihitaji mashine kubwa. Damu huwekwa katika mrija uliosimama, wakatazama chembe nyekundu zinazama kwa kiasi gani katika saa moja. Mwilini mwenye uvimbe mkali huzama haraka. Cha mama kilikuwa milimita 104. Daktari hakungoja zaidi. Alimpigia simu mkubwa wake, wakakubaliana, na mama akaanza dawa ya prednisoloni miligramu 60 asubuhi ileile. Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha ateri ya panja na kukipima, na jambo hilo lilifanyika Dar es Salaam siku tano baadaye. Lakini tulielezwa kwamba dawa haingoji kipimo, kwa maana kipande kile hubaki na alama za ugonjwa kwa muda hata dawa ikiwa imeanza, bali jicho halingoji.

Hapo palitokea mvutano ambao ni lazima tuutaje. Ilikuwa siku ya ishirini na tano, zimebaki nne au tano. Mama alikuwa na funga yake. Alisema atameza dawa wakati wa magharibi. Kaka yetu alitaka kumshurutisha, dada akaanza kulia, na muda ukawa unakwenda. Mdogo wetu alimpigia simu imamu wa msikiti wetu, akamwekea mama sikioni. Sheikh hakuhutubu. Alimkumbusha mama kwamba ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, katika aya zilezile zinazofaradhisha funga, na kwamba aliyeifaradhisha ndiye aliyeiruhusu. Akamwambia siku hizo atazilipa akipona, na ikiwa uponyaji hautarajiwi basi kuna fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Nipeni maji.” Alimeza vile vidonge huku machozi yakimtoka katika macho yote mawili, linaloona na lisiloona.

Baada ya siku mbili kichwa kilitulia. Siku ya tatu alijifunga ushungi wake bila kukunja uso. Siku ya Idi tulikuwa wodini. Mke wa kaka alileta kibakuli kidogo cha nyama aliyoichemsha mpaka ikalainika, akakiweka mbele ya mkwewe bila kusema neno. Mama alitafuna. Sote tulikuwa tunatazama taya lake kama watu wanaotazama mwezi. Alitafuna, akameza, akachukua kipande cha pili, cha tatu, hata kibakuli kikaisha. Kisha alimshika mkwewe mkono akasema: “Mwanangu, mikono yako haikuwa na kosa. Taya langu ndilo lililokuwa na njaa.” Dada yetu alisimama akamkumbatia mke wa kaka mbele ya wagonjwa wote. Yale yaliyofuata si ya gazetini.

Jicho la kushoto halikurudi. La kulia limebaki, alhamdulillah, na mpaka leo linasoma.

Dawa ile nayo ina gharama zake, na si haki kuzificha. Prednisoloni hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, husumbua tumbo, na hupunguza nguvu za mwili za kupambana na maradhi. Kabla ya kumruhusu, madaktari walimpiga picha ya kifua na kumuuliza habari za kikohozi, kwa kuwa kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka. Sukari ya mama ilipanda kweli, akaongezewa dawa nyingine, pamoja na vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa. Kipimo cha prednisoloni kilipunguzwa polepole, kidogokidogo, kwa muda uliokaribia miaka miwili. Tulionywa mara nyingi kwamba mgonjwa asiiache ghafla kwa kujisikia vizuri, kwani baada ya muda mrefu mwili huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na kukatiza kwa ghafla ni hatari kubwa. Jirani mmoja mwenye nia njema alimshauri mama aiache, akamletea majani ya kuchemsha. Tulimshukuru jirani, na vidonge tukaendelea navyo.

Katika miezi ile ya kumuuguza, mmoja wetu aliyesomea historia alitueleza jambo lililotuliza nyoyo. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, au karibu yake, alikuwapo Baghdad mganga wa macho aliyeitwa Ali bin Isa, maarufu kwa lakabu ya al-Kahhal, maana yake mtabibu wa macho. Kitabu chake, Tadhkirat al-Kahhalin, kilitumiwa na matabibu kwa karne nyingi, Mashariki na hata Ulaya kwa tafsiri ya Kilatini. Humo alitaja maumivu ya kichwa yanayoambatana na joto na uvimbe wa misuli ya panja, na akaonya kwamba mwisho wake unaweza kuwa kupotea kwa kuona. Tiba aliyoijua ni kuukata mshipa wa panja. Wataalamu wengi wanayahesabu maelezo yake kuwa ya kwanza kabisa yanayofanana na ugonjwa huu. Ikapita miaka mingi mpaka mwaka 1890, daktari Jonathan Hutchinson wa London alipoandika habari za mzee aliyeshindwa kuvaa kofia kwa sababu ya alama nyekundu zenye maumivu kichwani. Mwaka 1932 Bayard Horton na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, wakaupima mshipa wenyewe chini ya hadubini.

Mama alipoelezwa habari ya yule mzee wa London alicheka kwa mara ya kwanza tangu alipoumwa. “Yeye kofia, mimi ushungi,” alisema. Lakini mmoja wetu hakucheka. Mganga wa Baghdad, bila hadubini wala maabara, aliunganisha panja, misuli na jicho kwa kutazama na kuuliza. Sisi tulikuwa na simu mikononi, tulikaa na mama sahani moja siku ishirini na nne, hatukuunganisha kitu.

Tumejiuliza sana tulipokosea, na majibu yetu ni haya. Kwanza, tuliupa uzee lawama za kila kitu. Uzee huleta mvi na mwendo wa taratibu. Hauleti maumivu mapya ya kichwa kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Pili, tulisema juu ya mama badala ya kusema na mama. Sura ya Israai imetukataza hata neno dogo la kuudhi mbele ya wazazi, nasi tulijivunia kwamba hatukuwahi kulisema. Lakini heshima yetu ilikuwa ya mbali. Tulimbusu mkono na hatukumuuliza kwa nini ameuweka shavuni. Tatu, tulimlea mama katika desturi ya kutolalamika, tukaisifu subira yake hadharani, mpaka akaona kusema “naumwa” ni kuivunja subira. Kumwambia tabibu ukweli wa maumivu hakupingani na subira. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kutafuta dawa, na dawa haitafutwi kwa kunyamaza.

Basi ndugu zetu wenye wazee majumbani, tunaomba mambo machache. Mzazi aliyevuka miaka 50 akiacha vyakula vigumu, msimwambie tu ale. Muulizeni maumivu huja lini na huondoka lini. Gusaneni panja, kulia na kushoto. Muulizeni kama kuchana nywele kunauma, kama mabega yanakaza asubuhi. Akisema jicho limeingia giza hata kwa dakika moja, hiyo ni safari ya hospitali siku ileile, usiku au mchana, funga au hapana. Na mkifika mtaje yote, kichwa, taya, mabega na jicho, kwa pumzi moja, ili daktari asipewe kipande kimoja cha habari. Na taya likiuma mtu anapotembea au kupanda ngazi badala ya kutafuna, nalo lisipuuzwe, kwa sababu moyo wenye shida wakati mwingine hulalamika kupitia taya.

Mama sasa ana miaka 75. Siku za Ramadhani ile alizilipa zote baada ya daktari kumruhusu, moja moja, kila Jumatatu na Alhamisi. Ile khitma iliyokatika aliimalizia kwa jicho moja, polepole, kidole kikifuata mstari. Yule binti, mjukuu wake, hukaa upande wa kushoto ili amwambie aya zilizoandikwa pembeni ambazo jicho halizifikii. Nasi tunapofuturu kwake tumeweka desturi isiyosemwa: hakuna anayeondoka mezani kabla mama hajamaliza kutafuna.